Kichanga Chenye Tumbo

Kwenye hitma ya Bi Mkuu, bibi mmoja tuliyefanya naye kazi zamani alifuta macho kwa pembe ya mtandio wake akasema, "Marehemu alikuwa mpole, masikini. Hakuwa na neno na mtu."

Nikamwuliza, "Mpole nani?"

Wanawake wote wa upande ule wakanigeukia. Mmoja akanibonyeza goti ninyamaze. Nikanyamaza kwa heshima ya msiba, lakini sahani ya wali niliisukuma kando. Kumwita Bi Mkuu mpole ni kuzika mtu mwengine kabisa. Alikuwa na neno na kila mtu. Na mimi alikuwa na maneno kuliko wote, nami nilikuwa na yangu kwake, na mengine ninayo mpaka leo. Nataka nimweleze alivyokuwa wakati bado nina hasira. Nikingoja zipoe, na mimi nitaanza kusema alikuwa mpole.

Alikuwa mkuu wa kitengo chetu cha upimaji udongo, na jina hilo la Bi Mkuu lilimganda hata baada ya kustaafu. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka Unguja tukichimba mashimo na kuueleza udongo tunaoukuta: rangi yake, uzito wake, kina chake, unashika maji au unayaachia, umekaa mteremkoni au bondeni, mvua gani inaupata na nini kinaota juu yake. Baada ya hapo tunaupa jina na kuuchora kwenye ramani. Mkulima wa Unguja ana majina yake ya tangu zamani. Kichanga ni ule mwepesi, kinongo ule mwekundu, kinamo ule mzito unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa viatu wakati wa masika. Bi Mkuu aliyapokea majina hayo kwa heshima, kisha akayahoji kama polisi.

"Kichanga kipi?" Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake. "Kimelala juu ya nini? Mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi? Usiniletee jina, mwanangu. Niletee udongo."

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa Jambiani, kule ambako shamba ni mawe na mtu anapanda muhogo ndani ya vitundu vya mawe hayo. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nina cheti na viatu vipya. Akaniteremsha shimoni akaniuliza rangi ya udongo. Nikasema, "Kahawia."

"Kahawia gani?" akapaza sauti kutoka juu. "Kama kahawa? Kama kiatu changu? Kama uso wako? Tia maji, uulinganishe na kitabu cha rangi, useme kitu cha maana!"

Wanawake waliokuwa wakitoka kwenye mwani walisimama, magunia ya mwani mbichi vichwani, wakacheka mpaka mmoja akalazimika kutua mzigo. Nilitamani shimo linifunike. Jioni, tukiwa garini tunarudi mjini, Bi Mkuu alifungua kifurushi chake, akamega mkate wa kumimina, akanipa kipande kikubwa bila kunitazama. "Kula. Kesho usiseme kahawia."

Ndivyo alivyokuwa. Asubuhi anakuvua nguo kwa maneno, jioni anakulisha. Wengine waliita huo upendo. Mimi sikuuita hivyo wakati ule na sina hakika kama nitauita hivyo sasa. Mtu akikutukana halafu akakupa mkate, umekula mkate na tusi pia umelimeza.

Alikuwa akiujua udongo kwa ulimi. Anachukua chembe, anaitafuna kwa meno ya mbele, anatema, anakwambia kama ni mchanga mtupu au una tope ndani. Ramadhani ikifika ilikuwa tabu, kwa kuwa kazi haisimami na kuonja haiwezekani. Basi kazi hiyo aliipa dereva wetu, Mkristo, mtu wa bara aliyezaliwa hapa hapa mjini.

"Dereva, onja."

"Bi Mkuu, mie njaa ninayo, lakini si ya hivi."

"Onja, unambie unasikia nini."

Dereva anatafuna, anakunja uso. "Nasikia udongo, Bi Mkuu."

"Lahaula! Unakwaruza au unateleza?"

Baada ya miaka kadhaa dereva alikuwa fundi. Alikuwa akitema na kusema, "Huu unakwaruza mwanzo, halafu unateleza," na Bi Mkuu anaandika neno kwa neno. Katika maisha yangu yote sijamwona akimsifu mtu mwengine mbele ya watu isipokuwa dereva yule.

Uongo hakuuvumilia hata kidogo. Skuli moja ya shamba tuliweka kipimo cha mvua, na mlinzi akapewa kazi ya kukisoma kila asubuhi. Siku moja Bi Mkuu akapitia namba za mvua alizoandika mlinzi, akanyanyua kichwa akasema, "Mvua gani hii inayonyesha sawasawa kila Ijumaa?" Tukaenda. Mlinzi alikuwa anabuni. Bi Mkuu alimsema mbele ya walimu mpaka mzee wa watu akalia. Nilidhani atamfukuzisha. Badala yake, kila Ijumaa kwa masika yote alikwenda mwenyewe na kipande cha halwa, wakasimama pamoja mbele ya kipimo wakasoma, mpaka mlinzi akawa anatuma salamu mvua ikichelewa kama anayemtafuta mgeni. Ofisini hakulipeleka neno lile. Lakini namba zote za nyuma alizifuta, tukaanza upya, na mimi ndiye niliyekesha kwenye kompyuta.

Kwake kulikuwa Mji Mkongwe, ghorofa ya tatu, katika kichochoro karibu na Mkunazini ambako jua linaingia kwa kuomba ruhusa. Shambani alifunga baibui kiunoni akavaa mabuti ya mpira, matope mpaka magotini. Ukimkuta nyumbani ni mwengine: kanga zimepigwa pasi, udi unafuka, sakafu unaweza kulia chakula. Na hakuwa na hata kopo moja la mrehani dirishani. Mwanamke aliyeijua ardhi yote ya kisiwa hiki hakumiliki hata ukucha wa udongo. Nilimwuliza kwa nini.

"Nikipanda nitapenda," akasema. "Nikipenda sitapima tena. Nitaanza kutaka udongo uwe hivi na usiwe vile."

Wakati ule niliona amesema jambo kubwa. Baadaye neno lile lilinichoma, nalo ndilo lililonifanya nimchukie.

Kijiji chetu kiko upande wa kaskazini, bonde refu linaloteremka mpaka karibu na pwani. Tulipotumwa kulipima bonde lile, Bi Mkuu alinipa mashimo mengi kuliko wengine wote. "Hapa ni kwenu," akasema. "Utachimba zaidi, asije mtu akasema nimekupendelea." Nikachimba kiangazi na masika, mikono ikafanya malengelenge mpaka mama yangu akanifunga vitambaa.

Mama alitupikia muhogo wa nazi kila siku tuliyokuwa kule. Yeye na Bi Mkuu walikuwa rika moja, wakabishana kama mawifi. Bi Mkuu akasema kichanga cha juu ya bonde hakiwezi kushika maji, kwani mchanga ni mchanga. Mama akasema visima vya chini havijakauka tangu azaliwe.

"Ardhi ile ina tumbo," mama akasema. "Inakunywa masika, inatunywesha kiangazi."

Bi Mkuu akaweka sahani chini. "Umesema nini, Bi?"

"Ina tumbo."

Hakumsadiki wala hakumkatalia. Alikaa kwenye bonde lile misimu miwili ya mvua akilitafuta tumbo. Tuliteremsha keekee ndefu, chuma cha kutobolea ardhi, pima kwa pima, tukapima mteremko, tukalinganisha mvua iliyonyesha na maji yaliyopanda visimani. Na siku moja keekee ikatoka na kitu cha kijivu, kizito, kinachong'aa. Kinamo. Chini kabisa ya mchanga kulikuwa na tabaka la kinamo lililojikunja kama bakuli, na maji yote ya masika yalikuwa yamekaa humo. Bi Mkuu alikaa kwenye ukingo wa shimo, miguu inaning'inia, akacheka peke yake. Kisha akanituma nikamwite mama.

"Tumbo lako hili hapa," akamwambia, akamtia kinamo kiganjani. Na jina lililokwenda kwenye ripoti, mbele ya majina yote ya kitaalamu, lilikuwa la mama: kichanga chenye tumbo.

Ripoti niliipiga chapa mimi, kwa hiyo sihitaji kuambiwa kilichokuwemo. Ilisema juu ya bonde pandeni muhogo na njugu, chini pandeni mpunga, na mchanga usiondolewe, kwa sababu mchanga ule ndio unaobeba maji ya kijiji. Yalikuwa maneno ya wazi, si ya kutafuta kwa taa. Lakini maneno yalikuwa kurasa na kurasa, na ramani ilikuwa karatasi moja. Watu wakachukua karatasi moja.

Mwenye malori alikuja kwetu wakati majumba na mahoteli yanapanda kila upande, toka Chukwani hadi ncha ya kaskazini, na mchanga umekuwa haba. Nilikuwa nimekwenda kumwona mama. Nikamkuta mwanamume wa shati jeupe amesimama ukingoni mwa shamba la jirani, amekunjua karatasi juu ya boneti ya gari. Nikasogea kumsalimia. Macho yakaangukia ile karatasi, na salamu ikafia mdomoni.

Ilikuwa ramani yetu. Rangi ile ya manjano niliichagua mimi. Na juu ya manjano kiliandikwa kina cha mchanga, shimo kwa shimo, mashimo niliyochimba kwa mikono yangu hii. Kidole chake kilikuwa kinatoka namba moja kwenda nyengine, kinatafuta kubwa.

"Hii umeipata wapi?" nikauliza.

"Ofisini. Si ya umma hii?" Akatabasamu kwa adabu kabisa. "Kazi nzuri sana, dada. Imenipunguzia kuhangaika."

Sijawahi kusifiwa kazi yangu kama siku ile, na sijawahi kutamani kumpiga mtu kama siku ile.

Nilirudi mjini, nikaingia ofisini kwa Bi Mkuu bila kubisha. Nikamweleza. Nilitegemea apige kelele, kwa sababu alikuwa anapiga kelele kwa kalamu isiyofungwa. Nilitegemea aamke, avae mabuti, amwite dereva. Akavua miwani akaifuta.

"Namba ni za kweli?" akauliza.

"Namba unazijua!"

"Basi nifanye nini? Niseme si za kweli?"

"Useme kitu! Umemliza mzee wa watu kwa ajili ya mvua ya Ijumaa, leo wanachukua bonde zima unafuta miwani?"

"Nshasema," akajibu. "Nimesema kwenye ripoti. Nimekwenda juu mara tatu. Wamenambia kazi yangu kupima, kuamua ni kwao."

"Na weye umekubali?"

Akairudisha miwani usoni. Nikatoka, na wiki ile ile nikaomba kuhamishiwa kitengo chengine. Kwa miaka nilimpita ukumbini nikamwamkia "Shikamoo" kwa sababu nimelelewa, na yeye akaitika "Marahaba" kwa sababu amelelewa. Hatukuzidisha.

Malori yalichimba. Yeyote ambaye hajaona shimo la mchanga asinieleze habari za maendeleo. Mahali ulipochuma njugu utotoni hapapo. Hapajabadilika, hapapo, ni hewa tupu. Unasimama ukingoni unaona minazi mizizi nje, inasubiri zamu yake ya kuanguka. Masika yanajaza tope chini, mbu wanazaana, watoto wanakatazwa kupita. Mchanga wa babu zetu umekuwa ukuta wa choo cha mgeni upande wa pili wa kisiwa, na mgeni halali vizuri kwa kelele za jenereta.

Aliponikasirisha zaidi Bi Mkuu alikuwa keshastaafu. Mwenye malori alimaliza sehemu ya juu akataka kuteremka, kwenye kiwanja cha katikati kilichoko juu ya visima vyenyewe. Kiwanja kile wenyewe walikuwa wengi, na sheha akaitisha mkutano watu waamue. Nikameza kiburi, nikapanda ngazi zile za Mkunazini mpaka ghorofa ya tatu.

Alinipokea vizuri. Alikuwa amekonda, anapumua kwa shida akisimama. Nikamwambia nilichojia. Nilitaka aje mkutanoni aseme kwamba mchanga wa kiwanja cha katikati ni mchache, haufiki kiunoni, na chini yake ni mawe. Yeye ndiye aliyeupima, nani atambishia? Mwenye malori angeondoka mwenyewe.

"Lakini ni mwingi," akasema.

"Najua ni mwingi."

"Ni mwingi kuliko wa juu."

"Bi Mkuu, najua! Nnakuomba useme uongo. Mmoja. Kwa ajili ya mama, aliyekulisha."

Akatikisa kichwa. "Nikisema uongo huu, atakuja na keekee yake, atachimba shimo moja, atakuta mchanga. Halafu atasimama mbele ya watu aseme: bibi huyu amedanganya mchanga, basi amedanganya na maji. Na la maji ndilo la kweli tunalolihitaji."

"La kweli ulishalisema. Limetufaa nini?"

"Sisemi uongo wa udongo."

"Basi kaa na udongo wako," nikamwambia, nimeshasimama. "Na siku mama atakapokunywa chumvi, nitakuletea kikombe hapa hapa uonje, utwambie kama kinakwaruza au kinateleza."

Nilifunga mlango kwa nguvu. Niliposhuka hadi chini, majirani walikuwa wametoa vichwa.

Mkutano ulifanyika skuli, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto. Sheha alikuwa hajamaliza kufungua ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia dereva wetu wa zamani, mvi tupu, amemshika mkono Bi Mkuu. Alikuwa anatweta. Akakataa kiti. Nami roho ikanipasuka kwa furaha, nikadhani nimemshinda.

"Assalaam alaykum. Mnanijua. Nilikuja hapa na keekee, mkanipa muhogo." Akavuta pumzi. "Mchanga wa kiwanja kile upo. Ni mwingi kuliko mahali popote bondeni. Atakayewaambia haupo anawadanganya."

Akanitazama mimi aliposema hivyo. Mwenye malori, aliyekaa mbele karibu na sheha, akaanza kutikisa kichwa kwa raha. Watu wakaguna. Mama akanigeukia kama kwamba mimi ndiye niliyemleta adui.

"Na weye bwana acha kucheka, sijamaliza!" Sauti ile ya Jambiani ilikuwa imerudi, ikagonga mabati. "Ule si mchanga wa kuuza, ule ni tangi lenu. Masika yanaingia humo, yanakutana na kinamo, yanakaa, yanateremka pole pole mpaka visimani. Bahari ile mnaiona. Kinachoizuia isije ni maji matamu yanayoisukuma chini kwa chini. Ondoeni mchanga, mvua yote itakimbia juu kwa juu mpaka pwani, na bahari itakuja mpaka kwenye ndoo zenu. Nimepima mvua, nimepima mteremko, nimepima visima. Sikubahatisha. Na nyinyi mliouza kule juu msiinamishe vichwa, mnatazama nini chini? Chini mshakuuza!"

Hapo mtu mmoja akasimama, jirani yetu, aliyekuwa wa kwanza kuuza. "Bi Mkuu, mie nimeuza kwa sababu mwanangu alikuwa hospitali. Weye umepima mchanga huu ukala mshahara. Ramani wameipata kwako. Hebu tuseme hapa, mbele ya watu: nani kafaidika?"

Nilimwona Bi Mkuu akitafuta neno la kumpiga nalo, kama nilivyomwona akifanya mara nyingi, na nikaona halikuja.

"Mie," akasema. "Mie ndo niliyefaidika. Nimekula mshahara, na nimesifiwa. Ndo maana nimekuja na kifua hiki. Usiuze tena, mwanangu. Nakuomba."

Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu kabla ya siku ile.

Watu walikataa. Wakanyoosha mikono, sheha akaandika, wanawake wakapiga vigelegele, na mama akamshika Bi Mkuu akampeleka nyumbani kula. Kama hadithi ingekuwa yangu ningeikata hapo. Lakini mwenye malori alitulia masika yale tu, kisha malori yakarudi na kibali kipya kutoka juu, na sahihi ambazo hakuna aliyekubali kuwa ni zake. Wakachimba nusu ya kiwanja. Kiangazi kilichofuata kisima cha kwanza kikawa na chumvi, halafu cha pili. Mama anakunywa maji ya kununua, na chai yake anaitia sukari nyingi kuliko zamani, anasema chumvi bado anaisikia.

Kikombe nilichotishia kumpelekea Bi Mkuu sikupeleka. Si kwa huruma. Niliona hata hasira zangu hazistahili kupandishwa ngazi zile tena.

Kisha dereva akanipigia simu. Bi Mkuu anataka kwenda kuliona shimo, na anataka niwepo. Nikasema sina nafasi. Dereva akasema, "Daktari kashamwambia atakalo na alifanye." Nikaenda.

Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki tulichoazima kwa mama, juu ya ukanda mwembamba wa ardhi uliobaki baina ya shimo la juu na shimo jipya. Malori yalikuwa yanapita hapo hapo, alama za matairi zimechimbika. Mbele yetu ukuta wa shimo ulikuwa umekatwa wima, na tabaka zote ziko wazi: weusi wa juu wenye mizizi, kisha kichanga cheupe, kisha cha manjano, na chini kabisa mstari wa kijivu, umejikunja kama bakuli, unatoa jasho la maji.

Bi Mkuu aliinama mbele. Nikaona uso wake unafunguka.

"Tazama," akanong'ona. "Tazama mkunjo ule. Si nilisema? Kwa keekee nyembamba vile, tulipata sawasawa. Maisha yangu yote sijaona ukuta mzuri kama huu."

Damu ilinipanda. "Mzuri? Bi Mkuu, hiki ni kidonda, weye unaona uzuri?"

"Naona vyote viwili," akasema, hajaondoa macho ukutani. "Unadhani mie sioni? Naona mzuri, na naona wameuua. Kama sijui uzuri wake nitajuaje walichokiua?"

Niligeuka kwa hasira, nikampa mgongo.

Lori likaja nyuma yetu, limejaa, linataka kutoka. Likapiga honi. Dereva wetu akakimbilia kumwinua Bi Mkuu, naye akamwashiria aondoke. Mtu wa lori akateremka. Nilimjua, tulisoma pamoja chuo cha Kurani kwa maalimu mmoja.

"Shikamoo, Bi. Tunaomba njia."

"Marahaba. Zunguka."

"Pa kuzunguka hapapo, Bi."

"Nani kapamaliza?"

Akakuna kichwa. Nyuma yake likaja lori la pili, nalo limejaa, likaanza kupiga honi lisijue kuna nini. Mtu wa lori akanigeukia mimi. "Dada, mnyanyue bibi. Jua kali hili, na mgonjwa huyu. Mie nimeajiriwa tu."

Nikamsogelea nikamshika kwapa. "Bi Mkuu, tuondoke. Hatutabadilisha kitu."

Aliushika mkono wangu akautoa kwapani mwake. Alikuwa hana nguvu, lakini niliachia.

"Weye umenikasirikia miaka yote hii," akasema. "Zimekwisha?"

"Bado."

"Basi kaa."

Nikakaa chini, juu ya mchanga wa moto, ubavuni mwa kiti chake, mbele ya lori. Dereva wetu akatutazama, akatikisa kichwa, akaja akakaa upande wa pili. Honi zikalia. Mtu wa lori akapiga simu kwa mwenye malori, akasikiliza, akatuangalia, akasema kwenye simu, "Bosi, ni vizee. Siwezi." Nilipenda alivyonihesabu pamoja nao.

Kesho yake malori yalipita, na keshokutwa yakapita, na Bi Mkuu hakuamka tena kitandani kwenda popote. Nalisema hili ili mtu asidhani tulishinda. Lakini alasiri ile, baada ya honi kuchoka, mtu wa lori la kwanza alipanda, la pili likajivuta nyuma kumpisha, naye akarudi nyuma taratibu, akamwaga mzigo wake pale pale shimoni alikoutoa. Nikaona imetosha, nikataka kuinuka, miguu imekufa ganzi.

Bi Mkuu akanikandamiza bega.

"Kaa," akasema. "Ngoja na la pili limwage."